Mume anatuita Nairobi, lakini barabara zake zinaninyima usingizi

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Voi. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka kumi na mmoja na kaka yake mdogo wa miaka sita. Ni fundi wa cherehani, nina kibanda karibu na stendi ya mabasi, na riziki yangu kubwa ni sare za shule. Januari huwa sipumui. Mume wangu ni karani wa ghala huko Industrial Area, Nairobi, na tumeishi hivi, yeye kule na sisi huku, tangu kifungua mimba alipokuwa ananyonya.

Sasa anasema imetosha. Amepata nyumba mtaa wa Utawala, vyumba viwili vya kulala, maji hayakatiki, kodi anaimudu. Anataka tuwe tumehamia kabla shule hazijafunguliwa mwakani. Kuhusu mapenzi sina neno. Nimechoka kulala peke yangu, nisikufiche.

Kinachonikwaza ni barabara. Aprili watoto walipofunga shule tulimtembelea. Alitupokea kituo cha treni Syokimau na Probox aliyonunua mwaka jana, akatupitisha mjini kununua vitu, na kufikia saa kumi na mbili jioni tukawa tunarudi, mvua inanyesha. Shangazi, sijawahi kuona vile. Pale uwanja wa Nyayo taa zilikuwa nyekundu, polisi wa trafiki anatupungia tupite. Mbele kidogo matatu ikapanda kando kwenye njia ya waendao kwa miguu, watu wakaruka matope. Pikipiki zinapita kulia na kushoto zikigusa vioo. Mimi nimempakata mdogo kiti cha mbele, na mume wangu simu iko pajani, anasikiliza jumbe za sauti na kujibu huku gari linaenda. Nikamwambia weka hiyo kitu. Akasema, "Hapa ukiogopa hufiki." Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu njia nzima kana kwamba breki iko upande wangu.

Kesho yake akanipa usukani. Leseni ninayo, niliipata hapa Voi, na kwenye ile meza ya mtihani, ya mji wa kuigiza, nilikisukuma kigari changu cha mchezo bila kosa. Lakini kwenye raundabauti ya kweli niliganda. Kila nikitaka kuingia, gari linakuja. Nyuma yangu ni honi tupu. Kondakta mmoja akashuka akagonga boneti, akasema, "Mama, toa gari ama utoke." Mume wangu alicheka, tukabadilishana viti hapo hapo katikati ya barabara.

Mpango wake ni kwamba yeye atakuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwa matatu, aniachie gari niwapeleke watoto shule. Shule aliyoipata iko ng'ambo ya barabara kuu ya Eastern Bypass, kwa sababu ile iliyo karibu na nyumba karo yake ni ya juu. Jioni watarudi na bodaboda ya jirani ambaye anamwamini.

Nina binamu aliyegongwa Githurai akivuka barabara ya Thika, chini kabisa ya daraja la waendao kwa miguu. Alipona, lakini mpaka leo anatembea na mkongojo. Nikimtaja, mume wangu anasema huo ni ushamba wangu, watu mamilioni wanaishi Nairobi na hawafi. Mama mkwe anasema mke hufuata mume. Shoga yangu anasema nibaki Voi, mji mtulivu, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na mume aendelee kuja kama anavyokuja: Ijumaa kwa Ijumaa anatoka kazini jioni, anaendesha, anafika saa saba au nane za usiku, na Jumapili alasiri anarudi. Mimi moyo wangu unaegemea hapo. Lakini naogopa nikikataa ataona nimekataa ndoa.

Je, nikatae kuhama? Au ni kweli mimi ni mshamba tu?

Mama wa Wawili, Voi

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mama wa Wawili,

Ushamba uweke kando kwanza. Nchi hii huzika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na duniani kote hakuna kinachoua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 kuliko barabara, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Mama anayeziangalia barabara kabla ya kuangalia maji na kodi ya nyumba ana akili zake timamu. Mumeo naye hakudanganya aliposema mamilioni wanaishi Nairobi. Sensa ya 2019 iliwahesabu karibu milioni 4.4. Mnachobishania ni kitu kingine, na nadhani hata ninyi wawili hamjakitaja kwa jina.

Nikikusoma naona umenifungia mambo manne katika bahasha moja ukayaita "barabara za Nairobi". Kuna mji wenyewe na fujo zake. Kuna wewe na usukani. Kuna nyumba ya Utawala na shule iliyo ng'ambo. Na kuna namna mumeo anavyoendesha gari. Ukiyaacha yamefungwa pamoja, jibu ni ndiyo au hapana tu. Hebu tuyafungue.

Niruhusu nianzie Voi, mahali unapopaona pa amani. Najua mji ni mtulivu. Lakini unasema baba watoto, baada ya wiki nzima ya kazi, anaingia kwenye gari Ijumaa jioni na kuendesha kilomita zaidi ya 300 gizani. Wewe ni mtu wa Voi, barabara ile huhitaji kusimuliwa. Ukishaipita njia panda ya Machakos mnakutana na matrela uso kwa uso, upande wa pili taa kali, upande wako lori linalopanda mlima kwa mwendo wa kinyonga, na nyuma yako basi linalotaka kuwapita wote wawili. Unapita Salama, Sultan Hamud, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, halafu kipande cha Tsavo ambako ndovu anaweza kuwa amesimama kwenye lami na usimwone hadi uwe miguuni pake. Dereva wa saa sita usiku aliyeamka alfajiri analala akiwa amefumbua macho. Halafu Jumapili anarudi.

Sisemi hivi kukuongezea hofu. Nasema kwa sababu katika barua yako safari hiyo umeitaja kama mahali pa kukimbilia, na mimi nilipoifikia ndipo nilipoogopa. Foleni ya Nairobi inachosha na inatukanisha, ila gari linalotambaa pale Bellevue, barabara ya Mombasa, likigonga lingine, mara nyingi kinachovunjika ni taa na bampa. Mwendo ndio unaoua. Anayegongwa na gari la kilomita 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa na la kilomita 50, na 50 ndicho kipimo cha sheria yetu ndani ya miji. Kwa hiyo kubaki Voi kuna hatari yake pia, ila mwenye kuibeba ni mumeo, na anaibeba wakati wewe umelala. Mkibaki hivyo, basi hata hilo mlizungumze: aondoke Jumamosi kukipambazuka, au aje kwa treni. Akipanda ya Jumamosi asubuhi, usiku mmoja wa wikendi mnaupoteza. Ni bei, na ni nyinyi mnaojua kama mnaweza kuilipa.

Sasa tuingie Nairobi. Binamu yako, Mungu amzidishie nafuu, hakuwa ndani ya gari. Alikuwa kwa miguu. Na ndivyo ilivyo katika jiji lile: miongoni mwa wanaokufa barabarani, waendao kwa miguu ndio wengi, na waendesha bodaboda na abiria wao wanawafuata. Barabara ya Thika ilipomalizwa 2012 ilipewa njia nyingi na mwendo mkubwa, na wenye miguu wakapewa madaraja. Kila mtu anajua kwa nini watu wanapita chini. Daraja liko mbali na mahali matatu inapokushusha, ngazi ni nyingi, mzigo ni mzito, na usiku juu kule unaweza kuporwa. Barabara ya juu ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipoanza kutumika 2022 iliwapa wenye magari na ada ya kulipa njia yao. Wenye miguu walibaki chini na barabara ya kuvuka ni ile ile.

Kwa hiyo hofu yako ninaiheshimu, ila nakuuliza kama imeelekea mahali pake. Umeniandikia mengi kuhusu raundabauti iliyokugandisha. Umeniandikia sentensi moja tu kuhusu mtoto wa miaka sita kurudi na bodaboda kutoka ng'ambo ya Eastern Bypass kila jioni. Mimi ningezigeuza. Mtoto wa umri huo haoni mwendo wa gari kama wewe unavyouona, hajui kama liko mbali au limeshafika, na kimo chake humficha hata dereva mwema. Juu ya pikipiki hana cha kushika ila shati la mtu, na sidhani jirani ana helmeti ya kichwa kidogo. Unaweza kumwamini sana jirani. Lakini je, unawaamini na wanaomzunguka?

Hapo ndipo nyumba inapoingia. Kodi ya Utawala ni nafuu, sawa, lakini je, mmewahi kuketi mkajumlisha kodi, petroli, nauli ya baba, bodaboda ya jioni, na tofauti ya karo kati ya shule ya ng'ambo na ile iliyo upande wenu? Si ajabu ile iliyoonekana ghali ikawa imepungua ughali wake. Kuna wanaochagua chumba kimoja pungufu Imara Daima au South B, karibu na Industrial Area, ili baba atembee au apande gari moja tu na aamke kumekucha. Imara Daima ina hata kituo cha treni ya abiria wa asubuhi na jioni. Wanachopoteza ni nafasi, uwanja wa watoto na utulivu, na South B kodi hupanda upesi. Na wewe cherehani utaiweka wapi? Hilo ni swali kubwa kuliko ulivyolipa uzito. Wateja wa sare wanakujua Voi. Ukihama kabla ya Januari utakuwa umeukimbia msimu wako wenyewe, na mwanamke aliyezoea pesa yake akikaa miezi bila kazi katika mji mgeni, kila kitu humtisha zaidi, hata kuvuka barabara. Sijui kama mumeo amelifikiria. Pengine hajaambiwa.

Gari je? Umeandika kana kwamba kuhamia Nairobi na kuendesha Nairobi ni kitu kimoja. Kuna wanawake waliozaliwa Kaloleni ya Nairobi, wakazeekea hapo, wala hawajawahi kushika usukani. Unaweza kuhama na usiendeshe mwaka mzima. Unaweza kuendesha Jumapili asubuhi tu, mji ukiwa mtupu, mpaka mikono izoee. Unaweza kulipia masomo machache kwa mwalimu wa hapo Nairobi, mwenye gari lenye breki upande wake, na huyo asiwe mumeo. Mume akimfundisha mkewe gari, wanashuka hawasemezani. Hilo nimeliona katika nyumba nyingi mno. Raundabauti uliyogandia ina kanuni ile ile ya meza yako ya kuigiza, anayetoka kuliani mwako ndiye mwenye haki. Kinachoongezeka ni polisi anayefuta amri ya taa kwa mkono wake, na huyo akisimama ndiye wa kutiiwa, na matatu ambayo haitambui haki ya yeyote. Kusubiri pale ukipigiwa honi si aibu. Honi haivunji kitu. Ila kama baada ya masomo mwili bado unakataa, usiulazimishe ukiwa na watoto nyuma, saa kumi na mbili unusu asubuhi, bypass imejaa malori. Gari la shule ni njia nyingine, lakini usilipe kwa sababu tu limepakwa rangi ya manjano. Panda mwenyewe siku moja. Tazama kama kuna mikanda, kama watoto wanakaa watatu kwenye kiti cha wawili, kama kuna mtu anayeshuka kuwashika mkono na kuwavusha.

Nimebakiza jambo la nne kwa makusudi, maana nahisi ndilo lililokufanya uandike. Mguu wako uliokanyaga sakafu haukuwa unaiogopa Nairobi peke yake. Ulikuwa unamwogopa aliyeshika usukani. Simu pajani, jibu la dharau, kicheko ulipoganda. Mambo haya yangekutisha hata kama angekuwa anaendesha kati ya Voi na Taveta. Simwiti mtu mbaya. Mwanamume aliyekaa miaka peke yake katika mji ule hujifunza kuendesha kama mji, na baadaye hajui tena kwamba amejifunza. Akikuona umekunja uso husikia unamwambia hajui kukulinda, naye anajibu kwa neno "ushamba" kwa sababu limemkaa mdomoni. Lakini sheria imekataza simu ile, na hatari ya simu haichagui mji.

Utamwambiaje? Si ndani ya gari, mwanangu. Ndani ya gari kila mtu ana jeuri. Ngoja aje, ale, watoto walale. Badala ya kumwambia "unaendesha vibaya", mwambie kilichokupata wewe: niliogopa kukupoteza, niliogopa mtoto aliye mapajani mwangu. Muulize naye anaogopa nini. Huenda akakwambia alishawahi kusinzia pale Kibwezi na hakukueleza. Huenda asiseme chochote, akazime taa. Hatari ya mazungumzo haya ni kwamba atasikia umeiweka simu kuwa sharti la ndoa, na mwanamume akisikia sharti hutafuta la kwake. Hatari ya kuyaacha ni kwamba utahamia Utawala ukiwa umemeza maneno, na kila asubuhi kufuli la gari likilia utayameza tena.

Jambo moja halihitaji kungoja mazungumzo wala Januari. Mdogo asikae tena mapajani mwako mbele. Gari likisimama ghafla mwili wako ndio utakaombana, na mikono ya mama, hata iwe na mapenzi kiasi gani, haiwezi kumzuia. Wote wawili wakae nyuma na mikanda, na kama mikanda ya nyuma ya ile Probox imezama chini ya viti, ivutwe itoke. Hilo hata mumeo hatalibishia, na ni vizuri mkaanza na jambo msilobishania.

Kuna njia nyingine ambazo hamjazigusa. Kuhama Aprili au Agosti badala ya Januari, msimu wako wa sare ukiwa umepita na pesa yake iko mkononi. Au wewe na watoto mwende muhula mmoja bila kuuza cherehani wala kuachia kibanda, mkijua mnaweza kurudi. Ubaya wake ni kuwabadilishia watoto shule mara mbili. Au yeye kutafuta kazi huku: Voi ina maghala, Mombasa ina zaidi, ingawa kazi ya mkononi haiachwi kwa kubahatisha. Mama mkwe amesema mke hufuata mume, na sitapingana na mkweo gazetini. Ila unaweza kumuuliza kwa adabu kama naye anajua mwanawe huwa barabarani saa saba usiku.

Kabla hamjaamua lolote, rudi Nairobi mara moja zaidi. Uliyoyaona Aprili yalikuwa ya shule zimefungwa, na wakazi wenyewe watakwambia mji wa likizo ni mwepesi. Nenda siku ya kazi, muhula ukiendelea, ulale Utawala. Saa kumi na mbili asubuhi vaa raba, mshike mumeo mkono, nendeni kwa miguu mpaka hiyo shule, mkavukie pale pale watoto watakapovukia. Mwombe aache simu nyumbani asubuhi hiyo. Simameni kando ya bypass muda wa kutosha mhesabu malori, muone kama kuna matuta, kama kuna kivuko au daraja, na wenzenu wenye watoto wanavuka vipi. Kisha niandikie alivyosema yeye, kwa maneno yake.

Shangazi